Vimeng'enya katika Mtiririko Mfululizo: Somo la Kemia na la Istilahi kutoka Kibuyu cha Mgema

Utangulizi

Kuna lawama ambayo wanafunzi wa Kiswahili wameisikia hadi wameizoea: kwamba lugha hii yafaa kwa tenzi, kwa siasa na kwa soko, lakini ikifika mlangoni mwa maabara huvua viatu ikabaki nje. Wanaoisema si wageni peke yao. Husemwa pia na walimu wa sayansi waliozaliwa na kukulia humu humu Pwani. Kuijibu lawama hii kwa maneno ya jumla hakufai, kwa kuwa maneno ya jumla ndiyo yaliyoilea. Makala haya yamechagua njia nyingine. Yanachukua mada moja ngumu ya kemia ya leo na kuifundisha kwa Kiswahili tangu mwanzo. Na kila panapotokea neno linalogomba, tutasimama tulisuluhishe kabla ya kusonga mbele.

Mada yenyewe ni usanisi wa kemikali wa hatua nyingi, unaochochewa na vimeng'enya, ndani ya mfumo wa mtiririko mfululizo. Msomaji asihofu. Usanisi ni kuunganisha vitu sahili ili kupata kitu changamani zaidi. Mzizi wake tumekwisha kukutana nao katika usanisinuru, kazi ya jani kutengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Mengine yaliyobaki, mkazi wa Magogoni, wadi ya eneo bunge la Kisauni, anayo mifano yake karibu na nyumbani, na ndiyo tutakayoitumia.

Feri na daraja

Mombasa ni kisiwa, na kila anayeishi bara huvuka maji kwenda mjini. Wa Likoni hutegemea feri. Feri hupakia watu na magari, hufunga mlango, huvuka, hushusha, kisha huanza upya. Wa Magogoni hupita daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980. Daraja halipakii wala halishushi: wakati mmoja kuna gari linaloingia upande wa Kisauni, jingine liko katikati, na jingine linatoka upande wa kisiwani.

Kemia nayo huvuka kwa njia hizo mbili. Kwa karne nyingi mwanakemia ametumia njia ya feri. Hutia vitu vyake chunguni, hupasha moto, hukoroga, husubiri, humwaga, huosha chungu, kisha huanza tena. Njia hii tutaiita usanisi wa mkupuo, kwa kuwa vitu huingia kwa mkupuo mmoja na kutoka kwa mkupuo mmoja. Njia ya daraja ni ile ambayo vitu husukumwa kwa pampu ndani ya neli nyembamba, hukutana humo, humenyuka vikiwa safarini, na zao hutoka upande wa pili bila mfereji kufungwa. Hii ndiyo tunayoiita mtiririko mfululizo.

Kwa nini tusiseme mtiririko endelevu, kama wanavyosema baadhi ya wafasiri? Kwa sababu neno endelevu limeshapewa kazi nyingine. Tangu miaka ya 1990 limekuwa likitumika kwa maendeleo yasiyomaliza mali ya vizazi vijavyo, na msomaji akikutana na kinu endelevu atadhani ni kinu kisichochafua mazingira. Huenda kikawa hivyo, lakini hilo ni suala jingine. Istilahi moja ikibebeshwa dhana mbili katika uwanja mmoja hulemea, na mwanafunzi ndiye anayetozwa gharama.

Tofauti ya mkupuo na mtiririko wazee wa Pwani waliiona kwenye chokaa kabla ya kuiona kwenye kemia. Aliyechoma chokaa ya matumbawe kwa desturi alipanga magogo na mawe, akawasha, akangoja moto ufe, ndipo akachota. Huo ni mkupuo. Kiwanda cha Bamburi, kilichoanza kutoa saruji mwaka 1954 kwa kutumia mawe hayo hayo ya matumbawe, kilitumia tanuri ndefu inayozunguka: mawe yaliyosagwa huingia juu, na chini hutoka madonge yaliyoungua kwa joto la takriban nyuzi 1,450 za selsiasi. Tanuri hiyo haipoi kila siku ili ipakuliwe. Jiwe ni moja. Kilichobadilika ni namna ya kulipitisha.

Kimeng'enya na jina lake

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha mmenyuko wa kemikali bila yenyewe kutumika ikaisha. Viumbe vyote vyenye uhai hutegemea vimeng'enya. Mate yetu yana kimoja kinachovunja wanga. Ndiyo maana kipande cha muhogo ukikitafuna kwa muda mrefu huanza kuwa kitamu.

Neno hili limesanifiwa katika Kiswahili cha sayansi, na TUKI walichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, miaka mingi kabla ya baadhi yetu kulisikia darasani. Asili yake ni kitenzi meng'enya, yaani kuvunjavunja kitu, hasa chakula, vipande vidogo vidogo. Hapo ndipo wapinzani huona mwanya. Wanauliza: ikiwa kimeng'enya kwa jina lake ni kivunjaji, vipi tukitumie kujenga? Usanisi wa vimeng'enya si sawa na kusema ujenzi wa vibomoaji?

Swali ni zuri, nalo linastahili jibu la kiisimu. Jina la kitaalamu linalotumiwa na lugha za Ulaya lilibuniwa na Mjerumani Wilhelm Kühne katika miaka ya 1870 kutokana na Kigiriki, na maana yake ni ndani ya chachu. Leo linatumika kwa protini zilizomo kwenye ini, kwenye jani la mwarobaini na kwenye sabuni ya kufulia, ambako chachu haijawahi kukanyaga, na hakuna profesa wa Ulaya anayelalamika. Istilahi ikishakubaliwa hujitenga na mzizi wake, kama mtoto anavyoondoka nyumbani. Kimeng'enya kinaweza kuvunja, kuunga, kupindua au kuhamisha. Tunachopaswa kukiangalia ni kama neno linatofautisha dhana yake na dhana jirani, na katika hilo kimeng'enya kinashinda kichocheo. Kichocheo kimetumika kwa kitu chochote kiharakishacho mmenyuko, kikatumika kwa homoni, kikatumika hata kwa hotuba inayoamsha ghadhabu.

Kilicho kigumu zaidi ni kitu kinachotendewa kazi na kimeng'enya. Wapo wanaokiita kiini tendewa, wapo wanaoandika sabstreti na kuendelea na safari. Sisi wa Kiswahili tuna kauli za vitenzi, na hatuoni sababu ya kutozitumia. Kinachotenda ni kimeng'enya. Kinachotendwa na kikageuka tukiite kitendwa. Kinachopatikana ni zao. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyesoma kauli ya kutendwa atalielewa bila kufafanuliwa. Katika makala haya tutalitumia hivyo.

Kibuyu cha mgema

Sasa tupande mnazi. Mgema hukata ncha ya panda changa kwa kotama, hufunga kibuyu, na utomvu huanza kudondoka. Utomvu huo ukiwa mbichi ni tembo tamu, wenye sukari ya aina ya sukrosi inayokaribia asilimia 15. Ukiachwa, kabla jua halijatua huwa tembo kali. Ukiachwa zaidi, kwa siku kadhaa, huwa siki, na siki ya mnazi ina nafasi yake katika jiko la Mswahili hata kwa wale wasiokanyaga mangwe.

Ndani ya kibuyu hicho pana usanisi na uvunjaji wa hatua nyingi, kila hatua na kimeng'enya chake. Hamira iliyoingia yenyewe kutoka hewani, kwenye maua na kwenye kuta za kibuyu cha jana, hubeba kwenye ngozi yake kimeng'enya kiitwacho invertesi, ambacho hukata sukrosi ikawa glukosi na fruktosi. Sukari hizo huingia ndani ya seli. Humo hupitia hatua 10 hadi kuwa piruveti. Kimeng'enya cha 11 huondoa gesi ya kaboni dioksaidi, ambayo ndiyo povu tunaloliona. Na cha 12 humalizia kwa kutoa ethanoli, yaani kileo. Baada ya hapo hamira huchoka, bakteria wa siki huchukua zamu, na kwa vimeng'enya viwili vilivyokaa kwenye utando wao huigeuza ethanoli kuwa asidi asetiki, mradi wapate hewa.

Msomaji aangalie mambo mawili hapa, maana ndiyo uti wa somo zima.

La kwanza: zao la hatua moja ni kitendwa cha hatua inayofuata. Hakuna anayepanda mnazi kuchukua zao la hatua ya tatu akalisafisha, akalikausha, akalirudisha kwa hatua ya nne. Mwanakemia wa chungu hufanya hivyo karibu kila hatua, na katika dawa yenye hatua 12 kila usafishaji hupoteza sehemu ya mali na kumwaga vimumunyisho vingi. Mpangilio ambamo vimeng'enya hupokezana bila kusimama kusafisha tutauita mlolongo. Wengine wamependekeza maporomoko, kwa kufuata picha ya maji yanayoteremka ngazi kwa ngazi. Picha hiyo inavutia, ila Mkenya akisikia maporomoko hufikiria ardhi iliyoanguka na watu waliofukiwa.

La pili ni la kina zaidi. Katika hatua ya 6 kimeng'enya huhitaji msaidizi mdogo wa kupokea hidrojeni, molekuli ijulikanayo kwa herufi NAD. Msaidizi huyu akishapokea hujaa, na akijaa hawezi kupokea tena. Hatua ya 12 humpokonya hidrojeni hiyo na kumwacha mtupu, tayari kwa zamu nyingine. Tumwite molekuli mwenza. Hamira inatengeneza kileo, kwa hakika, ili imwachie mwenza wake nafasi. Kulewa kwa mnywaji ni jambo lisiloihusu kabisa.

Je, kibuyu cha mgema ni feri au ni daraja? Utomvu huingia tone kwa tone, bila kukoma, lakini hautoki mpaka mgema apande. Kwa hiyo ni feri inayopakia polepole. Ila kuna kitu kimoja cha mtiririko ndani yake: kibuyu kikiwa na masalio ya jana, hamira hubaki imenata kwenye vinyweleo vya ukuta, na utomvu wa leo humkuta mfanyakazi yuko kazini tayari. Mgema anayetaka tembo tamu hukisafisha sana chombo chake. Kule India na Sri Lanka hupakwa chokaa ndani ili kuwazuia wafanyakazi hao wasianze kazi.

Kutia nanga

Mwaka 1897 Eduard Buchner wa Ujerumani alisaga hamira kwa mchanga, akaikamua, akapata maji yasiyo na seli hata moja iliyo hai. Alipoyatia sukari yalitoa povu na kileo. Ikadhihirika kwamba kazi ilikuwa ya vimeng'enya, na uhai wa seli haukuwa sharti. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1907. Tangu hapo swali likawa: ikiwa kimeng'enya chafanya kazi nje ya kiumbe, twaweza kukitumia kiwandani mara ngapi?

Tatizo ni kwamba kimeng'enya huyeyuka majini pamoja na zao lake. Ukimwaga chungu, umekimwaga. Katika mtiririko hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa maji yanayopita yatakibeba mara moja. Dawa yake ni kukifunga kimeng'enya kwenye kitu kigumu kisichoondoka, maji yapite na chenyewe kibaki. Mwaka 1916 Nelson na Griffin, watafiti wa Marekani, waligundua kwamba invertesi iliyonata kwenye makaa iliendelea kukata sukari. Ugunduzi huo ulikaa nusu karne bila kupata kiwanda. Mwaka 1969 kampuni ya Tanabe Seiyaku ya Japani, chini ya utafiti wa Ichiro Chibata na wenzake, ilijaza mnara kwa chembechembe zilizofungiwa kimeng'enya, ikapitisha mchanganyiko wa asidi amino, na upande wa pili ikapata aina iliyoihitaji. Hicho ndicho kinachohesabiwa kuwa kiwanda cha kwanza cha namna hiyo.

Kitendo hiki tukiite nini? Kuzuia hakufai, kwa sababu kimeng'enya kilichozuiwa katika biokemia ni kile kilichonyimwa kufanya kazi. Hapa tunataka kinyume chake. Kugandisha hurejelea baridi. Sisi tunapendekeza kutia nanga. Jahazi lililotia nanga halichukuliwi na mkondo, lakini linayumba, linageuka, mabaharia wake wanafanya kazi. Ndivyo kimeng'enya kinavyotakiwa kiwe. Kikibanwa mno umbo lake hupotoka, na kimeng'enya kilichopoteza umbo kimepoteza kazi.

Seli nzima nazo hutiwa nanga. Mapema katika karne ya 19, kabla ya neno kimeng'enya kuwapo katika lugha yoyote, Wajerumani walikuwa wakitengeneza siki kwa kudondosha kileo juu ya pipa refu lililojaa vipande vya mbao. Bakteria wamenata kwenye mbao, kileo hushuka, hewa hupanda, na chini hukingwa siki. Mtu yeyote mwenye makumbi ya nazi, pipa na subira anaweza kujaribu jambo hilo hilo kwa tembo.

Hesabu ya neli mbili

Hapa wanafunzi wa fasihi huanza kutazama saa. Tunawaomba dakika chache, kwani hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi.

Chukua neli iliyojazwa chembechembe zenye vimeng'enya, na tuseme nafasi inayobaki kwa maji ni mililita 50. Pampu inasukuma mililita 5 kwa dakika. Kila tone litakaa ndani kwa dakika 10, yaani 50 kugawanya kwa 5. Huu ni muda wa ukaaji, na ndio moyo wa mfumo wa mtiririko. Katika chungu mpishi huamua muda kwa kutazama saa. Katika neli huamua kwa urefu wa neli na kasi ya pampu.

Sasa ongeza hatua ya pili, na tuseme kimeng'enya chake ni kizito, kinahitaji dakika 30. Neli zimeunganishwa, kwa hiyo kasi ya maji ni ile ile ya mililita 5 kwa dakika. Neli ya pili lazima iwe na nafasi ya mililita 150. Mtambo huu mdogo, unaoenea juu ya meza, utapitisha mililita 300 kwa saa, na lita 7.2 kwa siku nzima ya saa 24. Kila lita ikiwa na gramu 20 za zao, siku moja hutoa gramu 144. Mwenye tamaa akiongeza kasi ya pampu mara mbili, muda wa ukaaji utashuka hadi dakika 5 na 15, na kitendwa ambacho hakijageuka kitatoka kimechanganyika na zao. Kila anayepita daraja la Nyali saa moja asubuhi anaijua kanuni hii kwa upande wa pili: barabara nzima huenda kwa kasi ya sehemu yake iliyo finyu kuliko zote.

Tatizo kubwa kuliko kasi ni ugomvi wa majirani. Mfano wa wazi ni kugeuza wanga kuwa sharubati tamu, kazi inayofanywa kwa mahindi katika viwanda vikubwa vya Marekani tangu miaka ya 1970, na ambayo kwa kanuni yafaa pia kwa muhogo wetu wa Kilifi na Kwale. Kimeng'enya cha kwanza, amilesi, hukatakata wanga penye joto linalozidi nyuzi 100 na pH karibu na 6. Cha pili hutoa glukosi penye nyuzi 60 hivi na pH ya 4.5, ambayo ni uchachu hasa. Cha tatu, kigeuza glukosi, hubadili sehemu ya glukosi kuwa fruktosi, nacho hutaka pH inayozidi 7. Ukiviweka vyote chunguni pamoja, wawili watalala na mmoja atafanya kazi shingo upande. Mtiririko hutatua jambo hili kwa kumpa kila mmoja chumba chake. Kati ya neli na neli huwekwa kiungo ambapo asidi au besi kidogo huingizwa, joto hushushwa, kisha maji huendelea na safari.

Hata hivyo, chumba peke yake hakimalizi kila kitu. Kigeuza glukosi hufika mahali mmenyuko wa kwenda na wa kurudi unapolingana, na kiwandani sharubati hutoka kwenye neli ikiwa na fruktosi ya asilimia 42 hivi. Kuongeza urefu wa neli hakutasaidia sana. Inabidi fruktosi itengwe kwa njia nyingine. Wapo wanaoandika kuhusu mtiririko kana kwamba ni uganga; tuwakumbushe kwamba neli hubadilisha mwendo na mpangilio, wala haibadilishi sheria za kemia. Aidha, neli huziba. Vimeng'enya vilivyotiwa nanga navyo huzeeka, na kimoja kikifa mlolongo mzima husimama.

Mwenza asichukuliwe na maji

Turudi kwa yule molekuli mwenza wa kibuyuni. Ndani ya seli hana pa kwenda, utando umemfungia. Katika neli, kimeng'enya kimetia nanga lakini mwenza anaelea, na maji humtoa nje pamoja na zao. Kumwaga NAD mpya kila dakika ni gharama isiyovumilika. Kwa miaka mingi jambo hili liliwafanya wahandisi watumie mtiririko kwa vimeng'enya visivyohitaji mwenza tu, kama vile vya kukata na kugeuza, ilhali sehemu kubwa ya kazi nzuri ya ujenzi hufanywa na vile vyenye mwenza.

Mwaka 2019 watafiti wa shirika la sayansi la Australia, CSIRO, walichapisha suluhisho linalostahili kuelezwa polepole. Waliunganisha vimeng'enya viwili katika protini moja: cha kwanza hufanya kazi inayotakiwa, cha pili humrejesha mwenza katika hali yake ya awali. Mwenza mwenyewe wakamfunga kwa kamba ndefu inayonyumbulika, ncha moja ikiwa imeshikwa na protini hiyo. Akijazwa huku, hupepea upande wa pili akatuliwe mzigo, kisha hurudi. Kundi zima limetiwa nanga kwenye chembe ngumu ndani ya neli. Kwa kuzipanga neli za namna hiyo kwa mfuatano, walitengeneza D-fagomini, kampaundi ya jamii ya sukari yenye nitrojeni inayochunguzwa kwa ajili ya kisukari.

Wapo watakaosema huo ni ufundi wa ajabu. Ni ufundi kweli; lakini hatua ya 6 na ya 12 za kibuyu cha mgema zimekuwa zikimrejesha mwenza kwa namna hiyo tangu kabla ya kuwapo mnazi wala mgema.

Dawa, shamba na kiwanda

Mada hii inagusa afya yetu na mifuko yetu, na mfano ulio karibu ni malaria. Artemisinini, iliyotengwa na Tu Youyou wa China mwaka 1972 kutoka mmea wa pakanga wa Kichina, ndiyo shina la dawa mseto ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 2001 na Kenya ikazikubali mwaka 2004 badala ya dawa za zamani zilizoshindwa na vimelea. Mahitaji yalipopanda, wakulima wa Kenya, Tanzania na Uganda wakapanda mmea huo. Bei nayo ikapanda na kuanguka kama wimbi la pwani: mwaka mmoja dawa haitoshi, mwaka mwingine mkulima hana mnunuzi.

Katika maabara, njia mbili zikajitokeza. Ya kwanza ni ya mlolongo wa vimeng'enya: kundi la Jay Keasling huko California liliingiza ndani ya hamira vimeng'enya vya mmea huo, na kufikia mwaka 2013 hamira iliweza kutoa gramu 25 za asidi ya artemisini kwa kila lita. Ya pili ni ya mtiririko: mwaka 2012 Peter Seeberger na François Lévesque wa Ujerumani walipitisha asidi iliyotokana na hiyo ndani ya neli iliyoviringishwa kuizunguka taa, wakaipulizia oksijeni, na upande wa pili ikatoka artemisinini. Hamira inaanza, neli inamalizia. Hapa mtiririko ulitumika kwa hatua za mwisho tu, ambazo hazina vimeng'enya. Vimeng'enya vilibaki ndani ya hamira matangini.

Kampuni ya Sanofi ilianza kuzalisha artemisinini ya hamira mwaka 2013, ikitumia taa lakini kwa njia ya mkupuo. Hofu ikawashika waliowatetea wakulima. Kilichotokea hakikutabiriwa na wengi: mavuno ya mashamba yalikuwa mengi, bei ya artemisinini ya mmea ikashuka chini ya ile ya kiwanda, na mwaka 2016 Sanofi ikauza kiwanda chake kilichoko Italia. Shamba lilishinda raundi hiyo, japokuwa ushindi wenyewe ulikuja kwa bei inayomwumiza mkulima.

Tumekitaja kisa hiki kwa sababu ya lugha. Mjadala ule uliamua mustakabali wa mashamba ya Afrika Mashariki, na uliendeshwa katika lugha ambayo wengi wa wenye mashamba hawakuimudu. Mkulima aliambiwa kwamba kuna dawa ya kutengenezwa. Hakuambiwa kwamba kilichoigwa ni vimeng'enya vya mmea wake mwenyewe, wala kwamba hatua za mwisho zilikuwa bado ghali, jambo ambalo lingemsaidia kukadiria kama apande msimu ujao au aache. Hakuna hata moja kati ya hayo lisiloelezeka kwa istilahi tulizokwisha kuzitumia hapa: kimeng'enya, mlolongo, mtiririko, zao.

Maneno yanayosubiri

Zimebaki istilahi ambazo hatujaridhika nazo. Chombo chenyewe tumekwepa kukiita kwa jina moja. Mahali pengine tumesema neli, pengine mtambo. Kinu kina nguvu, na vyombo vya habari vimekizoesha katika kinu cha nyuklia, lakini mchi unakifuata kila kiendapo na msomaji huona kitu kikitwangwa. Muda wa ukaaji unafaa kwa maji, ila unafanana mno na ukaazi wa mtu kisheria. Kutia nanga tunakitetea, ingawa tunatambua kwamba mwenzetu wa bara, asiyewahi kuona jahazi likipepesuka juu ya kamba yake bandarini, anaweza kupendelea kufunga au kushikiza. Na kitendwa kina mshindani, kiathiriwa, ambacho wataalamu wa sarufi watakipinga kwa kuwa wamekwisha kukitumia katika uchambuzi wa sentensi. Lakini hata kitendwa wao wenyewe wanakitumia humo humo. Anayeweza kutufungulia fundo hilo bila kukopa neno zima zima kutoka nje alete hoja yake katika toleo lijalo, pamoja na sentensi tatu za kemia zinazolitumia.